Mashine ya kutotoleshea vifaranga: "Mama, mayai yako hayana jogoo"

Muuzaji wa mashine hii, hapa hapa Arusha mjini, ana jibu moja tu kwa kila tatizo. Unampigia simu kwamba vifaranga wachache wa katikati ya trei ndio waliotoka na pembeni kote yamebaki viza, naye hata haulizi umekuta nini ndani ya yai. "Mama, mayai yako hayana jogoo." Simu imekatwa.

Jogoo gani anayechagua kona za trei?

Yai lisilo na mbegu ukilimulika kwa tochi kati ya siku ya 7 na ya 10 ni jeupe tupu, halina mshipa hata mmoja. Haya yalikuwa na mishipa, na siku ya 18 yalikuwa meusi yote isipokuwa chumba cha hewa. Nilipoyapasua nilikuta kifaranga kamili mwenye manyoya, kiini bado kiko nje ya tumbo, ganda halijadonolewa. Jogoo alimaliza kazi yake zamani. Kifaranga wa namna hiyo mara nyingi amepungukiwa joto au hewa, na mashine hii inamnyima vyote viwili.

Sensa ya joto, yaani kile kidude cha kwenye waya kinachopima joto, wameibandika kwenye mfuniko, jirani na balbu. Kwa hiyo kioo kinaandika 37.8 huku mayai ya kona yakipigwa baridi, na msimu wa Juni na Julai ndiyo balaa kabisa. Vuta waya, sensa ining'inie usawa wa mgongo wa mayai, isiguse yai wala isitazamane na balbu. Mashine yenye feni iwekee nyuzi 37.5. Kuhakiki, chukua kipimajoto cha homa cha duka la dawa, kitumbukize pamoja na ncha ya sensa kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, ulinganishe. Karatasi yao ya maelekezo inayokuja na mashine inasema upime kwa maji yanayochemka, eti sensa isome 100. Arusha iko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi! Ukirekebisha sensa kwa maelekezo hayo umeiharibu kwa mikono yako.

Karatasi hiyo hiyo inasema siku 3 za mwisho uzibe matundu ili unyevu usitoke. Huo ni uuaji. Ndipo kifaranga anapoanza kuvuta hewa kwa mapafu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar. Acha matundu wazi. Unyevu unaongezwa kwa upana wa maji, siyo kina: weka chombo kipana na sponji ndani yake, maji yawe ya vuguvugu ili joto lisishuke. Mpaka siku ya 18 asilimia 45 hadi 50 inatosha, baada ya hapo 65 hadi 70, na usifungue mfuniko ovyo. Aliyedonoa halafu akakaukiwa, utando umemganda mwilini, amekosa unyevu. Aliyevimba na kujaa majimaji, unyevu ulizidi tangu mwanzo. Kipima unyevu chenyewe kijaribu kwa chumvi iliyoloweshwa kidogo kwenye kifuniko cha soda, ufunge vyote kwenye kopo usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75.

Sasa haki yake nayo niiseme. Sanduku linatunza joto, feni haina kelele, mota ya kugeuza mayai haijawahi kukwama. Sensa ikishahamishwa na matundu yakiwa wazi, inatotoa hadi kwenye kona. Kwa hiyo ni mashine nzuri, nunua... Hapana. Kwa nini mteja alipe hela kamili halafu amalizie kazi ya fundi, na juu yake atukaniwe kuku wake?

Ukikuta mtu anaiuza ya mkononi, chukua. Dukani kwa yule bwana, usiende.