Kitengo cha endoskopi: nyota nne, na ile moja niliyoibania

Huduma ni ya kuzibua mrija wa nyongo kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Aliyefanyiwa ni mama yangu, miaka 67, hospitali moja kubwa hapa Dar. Jina silitaji, nitaeleza kwa nini huko chini.

Tulifika tumeshapoteza siku tatu kwenye zahanati ya mtaani. Homa ya kutetemeka mpaka kitanda kinalia: malaria. Kipimo cha kidole kikakataa, wakahamia taifodi. Mama anashika chini ya mbavu za kulia, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Siku ya tatu mkojo ukawa kama chai ya rangi.

Daktari wa mapokezi alimfunua kope, akaona manjano, akauliza: "Mama, leo siku gani?" Mama akajibu Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Pale pale akaita nesi. Presha 84 kwa 50. Baadaye alinieleza kwamba homa, manjano na maumivu ya kulia alishaviunganisha Mfaransa Charcot mwaka 1877. Presha ikishuka na mtu akaanza kuchanganyikiwa, sumu imeshasambaa mwilini.

Walitoa damu ya kuotesha, kutafuta bakteria, wakatundika dripu na antibayotiki ya mshipa. Ultrasaundi ikaonyesha mawe. Jiwe likikaa mlangoni mwa mrija, nyongo haishuki, inachacha humo humo, na bakteria wa utumbo wanapanda nayo hadi kwenye ini na damu. Mara nyingi ni mawe, alisema, ila hata uvimbe, kovu la mrija au minyoo huziba. Dawa peke yake haitoshi mpaka pafunguliwe.

Kesho yake wakampitisha. Daktari wa endoskopi alitoka akanionyesha picha: usaha, mzito kama uji wa ulezi, unamiminika utumboni. Hali yake haikuruhusu kuhangaika na mawe yote siku hiyo, kwa hiyo wakaweka stenti, kijibomba cha plastiki, nyongo ipite. Usiku ule homa ikaanza kushuka. Siku ya pili mama akauliza nani kamlishia kuku.

Nyota niliyoibania sasa. Stenti ile si ya kudumu, inatolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu hivi, la sivyo inaziba na ugonjwa unarudi. Maelezo hayo walimpa mama, bado ana usingizi wa dawa! Kwenye karatasi ya kuruhusiwa hakuna tarehe. Mimi nilijua kwa sababu nilirudi kuuliza habari ya chakula. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja, stenti yake ina mwaka na nusu, karudi anatetemeka vilevile. Hajui hata kama anayo. Kwa mikono ile iliyomwokoa mama sitaki kuwaanika, ila karatasi warekebishe.

Tarehe nimeiandika kwa kalamu nene kwenye kalenda ya jikoni, na baada ya hapo kuna upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo. Mama yeye anachouliza ni lini ataruhusiwa samaki wa nazi.