Kipimo cha presha cha nyumbani, Bukavu: angalia mkanda kabla ya bei

Mashine ninayotumia ni ya kufunga juu ya kiwiko, inakula betri nne ndogo za AA, mkanda wake ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 42. Niliilipia dola 45 kwenye farmasi moja ya Ibanda. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono zilikuwa karibu nusu ya bei hiyo, nazo ndizo wauzaji wanazozipigia debe. Mimi sizishauri. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba hupanda kwa takriban 8 (milimita za zebaki), na watu wengi hupimia kifundo kikiwa juu ya paja.

Usinunue kabla ya kupima mkono wako. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizochapwa kwenye mkanda wenyewe, si kwenye boksi. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa mkanda wa 22–32 atapewa presha asiyokuwa nayo. Kijana mwembamba akifungwa mkanda mkubwa ataambiwa yuko salama, na hilo ndilo baya zaidi. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, peke yake haithibitishi kwamba mashine ilijaribiwa kwa watu na kulinganishwa na kipimo cha kitaalamu. Tafuta ISO 81060-2, kiwango cha kimataifa cha majaribio hayo, kwenye karatasi ya maelezo.

Karatasi hiyohiyo ina mstari ambao watu hawausomi: mipaka ya shinikizo la hewa. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama hektopaskali 850. Mwinuko haugeuzi namba, maana mashine husoma kiasi ambacho mkanda umeizidi hewa ya nje. Ila mtengenezaji aliyeandika 860 hadi 1,060 hajakuahidi chochote kwa mji huu. Yangu inaanzia 800.

Kupima kwenyewe: kwenda haja ndogo kwanza, na nusu saa kabla pasiwe na kahawa, sigara wala kupanda mlima kutoka sokoni Kadutu. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, miguu usiipishanishe, mkono juu ya meza mkanda ukiwa sawa na moyo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija wa hewa uelekee kiganjani, na vidole viwili vipite chini ya mkanda. Tulia dakika 5. Usiongee, hata kumjibu mtoto; maneno tu yanaweza kuongeza 10. Asubuhi za baridi watu hukunja mkono wa sweta hadi begani, nao unabana kama kamba: ivue kabisa, jifunike shuka mabegani.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Namba zikitofautiana kwa 10 au zaidi, tumia mkono wenye namba kubwa siku zote na umwambie daktari. Baada ya hapo ni mara mbili asubuhi kabla ya dawa na chakula, mara mbili jioni, ukiacha dakika 1 katikati, kwa siku 7. Futa namba za siku ya kwanza ya hizo 7, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka ni 135/85, si 140/90 ya hospitali. Andika kwenye daftari. Programu ya simu na Bluetooth ni mapambo, na baadhi ya mashine hupoteza tarehe betri zikitolewa.

Daftari likiwa safi, maisha yetu ya sasa yanasomeka humo. Bia ya jioni hudanganya: saa chache baada yake presha hushuka, kisha asubuhi inapanda. Chumvi haionekani kwenye sahani ya bugali na sombe, iko ndani ya mchuzi: karibu nusu ya uzito wa kikube kimoja cha kiungo ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka tubaki chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Makayabo, samaki wa chumvi, yaloweke usiku kucha na ubadilishe maji. Kwenye pakiti zinazotaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hujinunulia kwa ajili ya mgongo, zinapandisha presha. Ziandike pembeni ya namba.

Kasoro zipo. Betri za bei rahisi zinachoka mapema: pampu inavuta polepole, skrini inaleta E, alama ya hitilafu, mtu anadhani ni mkono wake. Weka alkalaini, na uzitoe kama hupimi kwa muda mrefu, zisivuje. Moyo unaopiga bila mpangilio unaichanganya mashine. Alama ya moyo ikirudi mara kwa mara kwenye skrini, nenda upimwe hospitali.

Ukiona 180/120, tulia dakika 5 urudie. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyohiyo. Ikiwa kifua kinauma, macho yana ukungu, ulimi ni mzito au upande mmoja umelegea, usirudie chochote, nenda hospitali sasa hivi. Namba nzuri nazo si ruhusa ya kuacha dawa.

Mara moja kwa mwaka ibebe kituo cha afya, upimwe mkono uleule kwa kupokezana na kipimo chao. Tofauti ya 5 ni ya kawaida, zaidi ya 10 mashine imekwisha. Mara nyingi kinachoanza kuvuja ni mkanda, na kiunganishi chake hakifanani kwa kampuni zote: muulize muuzaji kama ana mkanda wa akiba kabla hujatoa pesa.