Shahada ya Misitu SUA: Chuo Chenye Misitu Yake

Mhitimu wa kidato cha sita anayetaka kusomea maliasili na uhifadhi nchini Tanzania hulinganisha vyuo kwa majina ya shahada, ilhali majina hayo yanafanana mno kiasi kwamba hayamsaidii kuchagua. Mimi niliyesoma misitu na kuifanyia kazi nina kipimo kingine: chuo kina msitu gani wa kufundishia? Kwa kipimo hicho, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, kinastahili kutazamwa kwanza.

Shahada ya misitu ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1973, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. SUA ikaanzishwa mwaka 1984 na kuirithi. Leo chuo kina misitu ya mafunzo isiyofanana hata kidogo. Olmotonyi, katika miteremko ya Mlima Meru, ni msitu wa kupandwa, ambako mwanafunzi huona misindano ikipogolewa, ikipunguzwa na hatimaye kuvunwa. Mazumbai, katika Usambara Magharibi, ni msitu wa asili wa milimani wa takribani hekta 320, uliosalia kwa sababu mwenye shamba la chai aliamua kutoukata. Anayesimama chini ya mikulo, miti mikubwa ya asili ya huko, anaelewa mara moja maana ya msitu ambao haujaguswa, jambo ambalo slaidi za darasani haziwezi kumpa.

Hata hivyo, msitu ninaouthamini kuliko yote ni Kitulangalo, msitu wa miombo, yaani miti ya asili ya nyanda kavu, ulio kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Barabara hiyo ndiyo inayoufanya uwe darasa la kweli, kwa kuwa soko la mkaa liko mwisho wake na magunia hupita kila siku. Mwanafunzi anapopima kipenyo cha mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hupima pia visiki vilivyo jirani, na hapo hujifunza jambo ambalo watunga sera wengi hulipita haraka: miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi. Eneo lililokatwa kwa ajili ya mkaa likiachwa bila kulimwa wala kuchomwa moto mara kwa mara linaweza kurudi kuwa msitu, lakini likigeuzwa shamba la kudumu, visiki hung'olewa na msitu haurudi. Kulaumu mkaa peke yake, bila kuuliza kilichofuata baada ya shoka, ni utafiti nusu.

Kwa upande wa wanyamapori, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko mkoani humohumo Morogoro, nayo inakatizwa na barabara kuu ya kwenda Zambia, hivyo suala la magari kugonga wanyama halihitaji mfano wa kubuni.

Kasoro ninayoiona katika shahada za fani hii, wala sisemi ya chuo kimoja, ni kwamba mti hupimwa kwa makini kuliko binadamu anayeishi kando yake. Afisa misitu mpya hufika wilayani akijua kukokotoa ujazo wa magogo, kisha siku ya kwanza ya kazi anakaa mbele ya mkutano wa kijiji unaogombea mpaka wa hifadhi. Usimamizi shirikishi wa misitu, yaani wanakijiji kushiriki kuitunza, umetambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo kusuluhisha migogoro, kusoma sheria za ardhi na kusikiliza wazee ni stadi za msingi, zinazostahili saa nyingi zaidi uwandani.

Ambaye nia yake ni kazi ya hifadhini pekee, hasa ulinzi na usimamizi wa wanyamapori, naye akipime Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 karibu na Moshi kwa ajili hiyo. Atakayechagua SUA namshauri aombe mapema kufanyia utafiti wake wa mwaka wa mwisho Kitulangalo: viwanja vya sampuli vya kudumu vilivyopo huko, yaani vipande vya msitu vilivyotengwa ili miti yake ipimwe tena na tena, vimepimwa zamani, na kuvipima upya kutamwonyesha kile ambacho msitu umepata au kupoteza tangu wakati huo.