Injini ya HP 2.5 kwenye mashua ya tanga: uzoefu wangu Mikindani

Kwa mashua ya tanga yenye urefu wa mita 5 na nusu, injini ya kupachika ya HP 2.5 (nguvu ya farasi 2.5) yenye mguu mrefu, yaani shina refu la kushusha propela majini, inatosha. Nimekaa nayo misimu yote miwili ya upepo, kusi na kaskazi, hapa ghuba ya Mikindani karibu na Mtwara, na ninaandika nikijua kwamba ukiuliza kwa wavuvi wa Mtwara mjini, karibu kila mtu atakwambia uchukue ya HP kumi na tano. Hiyo ya kumi na tano ni injini nzuri sana. Lakini wanaoisifu wanaendesha boti za faiba zisizo na mlingoti, zinazobeba barafu, nyavu na watu, na zinazopaswa kuwahi soko. Chombo cha tanga kina haja nyingine.

Mimi navua mshipi mwisho wa wiki, na siku nyingine naivusha familia kwenda Msangamkuu. Safari yenyewe ni kazi ya tanga. Injini naihitaji asubuhi umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu, ukikatika kabla upepo wa mchana haujashika, na zaidi pale mlangoni mwa ghuba. Anayeijua Mikindani anaelewa: ndani ni pana, mlango ni mwembamba, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yote hayo yanapita pale pale. Ukikutwa na shwari huku maji yanakupwa na wewe unataka kuingia, pondo, ule mti wa kusukumia chombo, haigusi chini na makasia yanakuchosha bure. Unatia nanga kungoja maji yageuke, au unawasha.

Kwa kazi hiyo nguvu nyingi hazina faida. Chombo kizito kinachokata maji, kisichopanda juu yake kama boti ya mbio, kina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo unatokana na urefu wa sehemu iliyozama. Changu kina kama mita 5 majini, kwa hiyo kinaishia noti 5 na kidogo, sawa na kilomita 10 hivi kwa saa. Ukikilazimisha zaidi, omo (mbele) inainuka, tezi (nyuma) inazama, mafuta yanaisha na mwendo ni ule ule.

Halafu kuna uzito. Yamaha Enduro ya HP 15, ile ya tu-stroki tunayoiona kila pwani, ina kilo 36 hivi. Ya HP 8 ina kama 27. Ongeza tangi la nje la lita 24 likiwa limejaa, kama kilo 18 za petroli, na hapo kwenye ile ya 15 umeshapita kilo 50, zote zimekaa nyuma kabisa. Niliwahi kufungiwa ya HP 8 ya rafiki yangu nijaribu. Kwa injini ilikwenda vizuri, sikatai. Tatizo lilikuja nilipotweka tanga: mashua ikawa nzito kubisha, yaani kugeuza dhidi ya upepo, tezi inaburuta maji, na kwenda joshi, kule upepo unakotoka, ikawa shida. Mzee mmoja aliyezichonga mashua tangu ujana wake aliniambia, "Mwanangu, mzigo wa tezini unaulipa kila unapogeuza." Baada ya siku ile sikutaka tena habari ya injini nzito.

Nilichochukua ni Suzuki DF2.5, fo-stroki, silinda moja ya cc 68, inayopozwa kwa maji. Yenye mguu mrefu ina kilo 14 hivi. Haifiki uzito wa ndoo ya maji ya lita 20, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maji yakipwa hapa yanaenda mbali, na injini hailali ufukweni. Naibeba mwenyewe, napita nayo kwenye tope hadi nyumbani. Ile ya 15 ingenidai mtu wa pili kila siku. Nilizitazama pia Yamaha F2.5, yenye cc 72 na kilo 17 hivi, na Honda BF2.3, ambayo ni nyepesi na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo haina pampu ya maji ya kuharibika kwa mchanga. Kama ningekuwa napita sana kwenye maji mafupi yenye matope, pengine ningechukua hiyo Honda. Zote tatu zinaweza kazi hii. Za umeme nazo nilizifikiria: Torqeedo Travel 1103 ina betri ya wati-saa 915 na mota ya wati 1,100, kwa hiyo ukiikaza mwisho inakata chini ya saa moja. Petroli naijaza popote, betri siwezi.

Sasa mguu, na hapa naomba mtu asome taratibu, kwa kuwa ndipo fedha zinapopotea. Mguu mfupi ni sentimita 38, mrefu ni 51, kuanzia panapokaa vibano mpaka kile kibati kilicho juu ya propela. Pima chombo chako kikiwa majini na watu wake: kutoka juu ya ubao wa kupachikia hadi usoni mwa maji ni ngapi? Kwangu ni 35. Kwa mguu mfupi kibati kingezama sentimita 3 tu. Wimbi la kwanza likiinua tezi, propela inatoka, inavuta hewa, injini inapiga kelele na chombo kinasimama. Kwa mguu mrefu ninazo sentimita 16. Tena mashua ina usukani katikati ya tezi, kwa hiyo injini inakaa kando, na chombo kikilalia upande wa pili propela inainuka zaidi. Injini fupi za boti za mpira zisikuvutie kwa sababu tu ndizo zilizopo dukani. Subiri ndefu, hata ikibidi iagizwe Dar es Salaam.

Kwenye shwari, nikifungua mafuta nusu tu napata noti 3 na nusu na tunaweza kuongea. Nikifungua yote napata 4 na zaidi kidogo, inakula kama lita 1 kwa saa, na mtetemo unafika hadi kwenye mabenchi. Silinda moja ndivyo ilivyo. Tangi la ndani ni lita 1, kwa hiyo natembea na dumu dogo na faneli yenye chujio, na najaza kabla ya kufika mlangoni, si katikati yake. Gia ni mbele na huru tu. Ukitaka kurudi nyuma unaigeuza injini nzima. Mwanzoni mkono unasita, baadaye unazoea, ila jifunze kwanza mahali pasipo na vyombo vya watu.

Kusi la Juni na Julai likiwa limeshika, usitegemee injini hii kupambana na bahari ya nje. Haina ubavu huo. Ninachofanya ni kupunguza tanga na kuiacha injini isaidie kidogo ninapokwenda joshi, na hapo naweza kuelekea karibu zaidi na upepo kuliko tanga peke yake linavyoniruhusu. Anayebeba abiria kwa nauli, au anayetoka mara kwa mara kuelekea Msimbati, achukue kubwa zaidi na akubali uzito wake.

Matunzo hayana siri. Nikifika nyumbani naitumbukiza mguu kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, naiwasha dakika chache chumvi itoke, kisha nafunga koki ya mafuta na kuiacha injini imalize petroli iliyobaki mpaka izime yenyewe ili kabureta isibaki na petroli ya kuganda. Kila ukiwasha, tazama maji ya kupoza injini yakichirizika kutoka kwenye tundu lake. Yakikoma, zima hapo hapo. Oili ibadilishwe kwa wakati, zinki, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya injini, isiachwe ikaisha. Vibano hulegea kwa mtetemo, kwa hiyo funga kamba kutoka kwenye injini hadi kwenye chombo, kamba ya kweli, na ukague vibano kabla ya kuondoka. Mfukoni mwangu hakukosi plagi ya akiba na spana yake. Vipuri vingine naagiza Dar kwa basi, na impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji, naiweka nyumbani kabla ya iliyomo haijachoka.