Nilivyohama chuo cha urubani Wilson: uzoefu wangu

Nimejifunza kurusha ndege hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, katika vyuo viwili. Kilichonihamisha kutoka chuo cha kwanza ni mawingu.

Chuo hicho kilikuwa na ndege safi na bei nafuu. Tatizo ni sharti lao: ukiahirisha somo asubuhi ile ile, unalipia saa nzima, hata kama hali ya hewa ndiyo imekuzuia. Na Julai mawingu ya Nairobi hulala chini asubuhi nzima. Mwanafunzi anayehesabu kila shilingi ataruka tu. Mimi niliruka. Tulielekea vilima vya Ngong kwa Cessna 152, ndege ndogo ya viti viwili, mwalimu akisema mbele kutakuwa kweupe. Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na ndege ile hupanda kwa kujikokota. Kilele cha juu kabisa cha Ngong kinapita futi 8,000. Mara kioo kikawa cheupe, ardhi ikatoweka. Injini nayo ikaanza kukohoa. Mwalimu akavuta kishikio cha kupasha joto kabureta, sehemu ya injini inayochanganya mafuta na hewa, maana kwenye unyevu mwingi barafu huweza kuganda humo hata nje kukiwa na nyuzi 15. Kisha akageuza ndege taratibu, macho kwenye vipimo vya ndani ya ndege tu, mpaka tukaiona barabara. Mikono ilinitetemeka hadi nyumbani. Wiki hiyo hiyo nilihama.

Chuo cha pili ni ghali zaidi, lakini hali ya hewa ikikataa hulipi kitu. Mnakaa darasani na mwalimu mnasoma ripoti ya hali ya hewa pamoja. Siku moja angani, jua likiwaka, aliniambia nifumbe macho, nishike usukani, niiweke ndege sawa. Nikamwambia, "Iko sawa, mwalimu." Kufumbua macho, bawa la kulia limeinama na tunashuka. Ndipo akanieleza jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, la mwaka 1954: marubani 20 wasiojua kuruka kwa vipimo walizibwa wasione nje, na wote wakashindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hata dakika tatu hazifiki.

Kasoro zipo. Wikendi foleni ya ndege ni ndefu, na ofisini huchelewa kupokea simu. Nimechukua miezi minne zaidi ya nilivyopanga. Ila kabla hujalipa karo popote, waulize: asubuhi ya mawingu nikikataa kuruka, nalipa shilingi ngapi? Hapa nilipo, jibu limeandikwa kwenye mkataba: hakuna malipo.