Uzoefu wangu: albamu za zamani kwenye spika tano

Sinunui miksi ya kuzunguka, yaani wimbo uliopangwa upya kwa spika zinazomzunguka msikilizaji, ili nisikie vitu vikirukaruka chumbani. Hilo huchosha kabla hata ya wimbo wa tatu. Ninachotafuta ni vile vilivyobanwa. Kwenye stereo, magitaa, kinanda na waitikiaji hugombania nafasi kati ya spika mbili, na fundi wa sauti hulazimika kupunguza hiki na kukata kile ili vyote vipite. Akipewa spika tano na subwufa, anapumua. Ila hawezi kutenganisha kilichorekodiwa kikiwa kimeshikana, na hapo ndipo albamu za zamani zinapoachana.

Nianze na ile ambayo karibu kila mpenzi wa sauti hizi anayo: The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd, ya 1973. Ninazo miksi zake tatu. Moja ni ya kwadrafoni, yaani spika nne, kazi ya Alan Parsons, fundi yuleyule aliyeirekodi albamu. Imo kwenye seti ya Immersion ya 2011. Nyingine ni ya James Guthrie, iliyotoka kwenye SACD, diski ya sauti ya ubora wa juu, mwaka 2003, ya spika tano na subwufa. Ya tatu ni ya Guthrie pia, ya Dolby Atmos, mfumo unaoongeza sauti za juu ya kichwa, 2023.

Ninayoipenda ni ya Parsons, tena kwa mbali. Zile saa zinazolia mwanzoni mwa "Time" alizirekodi mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwenye duka la saa za kale, kwa ajili ya kujaribia sauti ya kwadrafoni. Kwenye stereo zinakupiga kama kelele moja kubwa. Kwenye spika nne unaweza kunyoosha kidole na kuonyesha kila moja ilipo. Kwenye "Money" mambo ni matamu zaidi: sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia pesa vinatembea kutoka pembe hadi pembe kwa mapigo saba ya wimbo. Hayo hayakubandikwa baadaye. Ule mzunguko wa sauti walioutengeneza studio, kipande cha mkanda kinachojirudia, ulirekodiwa kwa njia tofautitofauti za mkanda, kila njia ikibeba sauti yake peke yake, wakijua kwamba siku moja utatembezwa. Guthrie amesafisha zaidi, besi yake imeshiba, na nyuzi za gitaa zinang'aa. Lakini ni mtu wa adabu, na kuna siku sitaki adabu. Ya Atmos nimeisikia kwa hedifoni tu, na humo chumba chote kinasinyaa kikaingia kichwani. Simhukumu mtu kwa hilo.

Tahadhari kwa mwenye risiva ya 5.1, yaani ya spika tano na subwufa moja: miksi ya kwadrafoni iliwaziwa spika zikiwa kwenye pembe nne za chumba. Mpangilio wa kawaida wa 5.1 huziweka za mbele nyuzi 30 kutoka katikati kila upande na za nyuma kwenye nyuzi 110 hivi, karibu na mabega. Ukiziacha hapo, duara la "Money" linakuwa yai. Mimi huzisogeza nyuma zaidi, kisha nasawazisha nguvu zake upya. Na usishtuke spika ya kati ikiwa kimya. Kwadrafoni haikuwa nayo.

Sasa Queen. Albamu yao A Night at the Opera ni ya 1975, imerekodiwa kwa mkanda wa njia 24, na miksi ya spika tano ilitoka 2002 kwenye DVD-Audio, aina ya DVD ya muziki. Wengi hukimbilia "Bohemian Rhapsody", nami nasema ruka uende "The Prophet's Song". Katikati ya wimbo ala zote zinanyamaza, anabaki mwimbaji wao Freddie Mercury akiimba na mwangwi wake mwenyewe, uliocheleweshwa kwa mkanda mpaka kila mstari unaitikia uliotangulia. Kwenye stereo ni ufundi wa kusifiwa. Hapa sauti inaondoka mbele, inakujibu begani, inakujibu tena mgongoni, na wewe umekaa katikati ya mtu mmoja aliyegeuka kwaya. Nimewawekea watu wasioipenda Queen hata kidogo, wakaomba irudiwe.

Bendi ya King Crimson ndio walionishangaza. Albamu yao In the Court of the Crimson King ilirekodiwa 1969 kwa njia nane tu, na nilitegemea ufinyu. Zamani njia zikijaa, walikuwa wanakusanya kadhaa na kuzimimina kwenye njia moja ya mkanda mwingine ili wapate nafasi, na kilichomiminwa hakitenganishiki tena. Steven Wilson, aliyefanya miksi ya kuzunguka ya 2009, alirudi kwenye mikanda ya mwanzo kabla ya kumiminwa, akaioanisha kwenye kompyuta. Kwa hiyo tabaka za Mellotron ya Ian McDonald, kile kinanda ambacho kila kitufe huchezesha kipande cha mkanda wenye sauti ya fidla, zikapata nafasi yake kila moja. Kwenye "Epitaph" zinapanda kutoka nyuma taratibu, na ule mkwaruzo wa mkanda ndani ya kila noti unausikia waziwazi.

Miksi ya kuzunguka ya Abbey Road ya The Beatles, iliyofanywa na Giles Martin na Sam Okell mwaka 2019, imeniacha katikati. Ni nzuri, ila imeegemea mbele mno. Naelewa kwa nini: hiyo nayo ni mikanda ya njia nane, na ngoma za Ringo Starr mara nyingi zimelala kwenye njia moja au mbili, utazitawanya vipi? Lakini "Because" haina kisingizio cha namna hiyo, na hawakukitafuta. Watu watatu waliimba pamoja mara tatu, sauti tisa, na hapa hatimaye zimepewa hewa.

Kuna pia miksi mpya kwenye huduma za mtandaoni ambazo ni stereo ileile iliyonyunyiziwa mwangwi nyuma. Kuzijua ni rahisi: zima spika za mbele usikilize za nyuma peke yake. Ukikuta wimbo mzima uliofifia, funga, urudi kwenye stereo yako. Ukikuta gitaa moja tu au waitikiaji watupu, kuna mtu alikaa akafanya kazi.

Kwa anayeanza na deki ya Blu-ray, King Crimson ya toleo la 2019 inatosha kabisa, nayo ina miksi mpya ya Wilson. Queen ya 2002 itabidi uitafute kwa wauzaji wa diski zilizotumika, na bei zao hazina huruma.