Seti ya DNase: kimeng'enya safi, ila cheki EDTA kabla hujawasha moto

Nimeitumia hii seti ya kufuta DNA kwenye sampuli za RNA miezi mitatu sasa pale maabara, naipa nyota 3 kati ya 5. Kimeng'enya chenyewe kiko poa sana, dakika 10 kwa nyuzi 37 DNA yote kwisha, nikipiga PCR (ile ya kunakili DNA) bila kuweka RT (kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA) inatoka tupu kama inavyotakiwa, hapo sina neno. Shida ni kile kitube kidogo cha EDTA, kemikali inayokamata ioni za metali kama magneziamu. Mzigo wa pili ukaja hakimo, nampigia muuzaji ananiambia "aa dada, hiyo sio lazima, we pasha tu nyuzi 75 kimeng'enya kinakufa chenyewe". Nikamsikiliza. Kesho yake naangalia jeli, badala ya ile mistari yangu miwili ya RNA ya ribosomu, 28S inayowaka na 18S chini yake, naona ukungu mtupu umeteremka hadi chini. Sampuli sita zimekwenda na maji, na wala si zangu.

Mchawi ni magneziamu. DNase haifanyi kazi bila hiyo kwa hiyo imejaa kwenye bafa (kimiminika cha kufanyia kazi kimeng'enya), sasa ukiipasha moto ile ioni inaisaidia OH ya nafasi ya 2' kwenye sukari ya RNA iachie protoni yake, ikishaachia tu inaivamia fosfeti ya jirani na uzi unakatika. DNA haina hiyo OH ndo maana inavumilia. Na hapo hakuna RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) hata chembe, uvae glavu tatu bado itakatika tu. Wanaoandaa RNA ya kusomwa kwenye mashine wanafanya hivyo makusudi, magneziamu na nyuzi 94 dakika chache, wapate vipande vifupi. Mi nilivipata bila kuomba. (Zinki na risasi ndo usiseme, zinakata kuliko magneziamu.)

Siku hizi naweka EDTA yangu mwenyewe, 0.5 M pH 8, mikrolita 1 kwa mikrolita 100 inakuwa 5 mM, KABLA ya moto jamani sio baada. Usimwage tu ovyo, RT nayo inataka magneziamu, ukizidisha utakesha unatafuta cDNA (ile DNA inayonakiliwa na RT kutoka RNA) imeenda wapi.

Bei ya kawaida, na mzigo ulifika barafu haijayeyuka. Karatasi ya maelekezo ndo aibu, EDTA imetajwa mara moja tu, vijiherufi vya sisimizi, chini kabisa upande wa nyuma.